Utunzaji wa msimbo katika programu za hifadhidata

Utunzaji wa msimbo katika programu za hifadhidata ni namna waandishi wa programu wanavyoamua mahali pa kuweka maagizo ya kompyuta (yaani msimbo) ili yatumike tena na tena bila kuandikwa upya. Programu ya hifadhidata ni ile inayopokea, kutunza na kutoa taarifa zilizopangwa katika majedwali: orodha ya wagonjwa wa kliniki, mauzo ya duka, uzito wa samaki walioshushwa mwaloni. Msimbo wake unaweza kukaa ndani ya fomu moja, katika moduli ya programu, katika maktaba inayotumiwa na programu kadhaa, ndani ya hifadhidata yenyewe, au kwenye seva inayofikiwa kwa mtandao.

Uamuzi huo huonekana kuwa wa fundi peke yake, lakini matokeo yake humfikia hata mtu asiyewahi kuiona kompyuta hiyo. Kanuni moja ikiandikwa mahali panne na baadaye ikarekebishwa mahali patatu, programu haisimami wala haitoi onyo. Inaendelea kufanya kazi, na kutoa majibu mawili kwa swali moja. Mifano mingi ya makala hii inatoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, ambako hesabu za samaki na za wagonjwa hutegemea programu za aina hii.

Tatizo la kunakili

Njia rahisi kuliko zote ya kutumia tena msimbo ni kuunakili: mwandishi anachukua mistari iliyofanya kazi katika fomu moja na kuibandika katika fomu nyingine. Siku ya kwanza njia hii haina ubaya wowote. Ubaya huja kanuni inapobadilika, au pale nakala inapopelekwa mahali ambapo kanuni haikuwa ileile tangu mwanzo.

Makadirio ya samaki wanaovuliwa ziwani ni mfano mzuri. Hakuna anayeweza kupima kila mtumbwi, kwa hiyo wataalamu hupima mavuno ya mitumbwi michache katika mialo iliyochaguliwa, kisha hukuza matokeo kwa kutumia idadi ya mitumbwi yote iliyopatikana katika sensa ya uvuvi. Sensa hiyo imekuwa ikifanyika tangu mwaka 2000, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, chini ya uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria (LVFO), lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao makuu Jinja, Uganda. Kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) ina kituo Mwanza. Kwa kifupi hesabu ni hii:

mavuno ya mwezi = wastani wa kilo kwa mtumbwi kwa siku × idadi ya mitumbwi inayofanya kazi × siku za uvuvi katika mwezi

Tuseme mwalo mmoja una mitumbwi 120 ya dagaa, kila mmoja ukileta wastani wa kilo 40, na siku za uvuvi ni 20. Mavuno ni kilo 96,000. Sasa tuseme mwandishi wa programu aliandika kwanza fomu ya sangara, akaweka siku 26 ndani ya msimbo, kisha akainakili kwa ajili ya dagaa. Jibu litakuwa kilo 124,800. Hakuna kilichoharibika kwenye skrini, namba inapendeza, na karibu tani 29 za dagaa ambao hawakuvuliwa zimeingia katika taarifa. Kosa haliko katika kuzidisha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika. Siku za uvuvi wa dagaa kwa hiyo hazilingani na za sangara. Mvuvi yeyote wa Kirumba au Ukerewe anajua hivyo. Msimbo ulionakiliwa haukujua.

Ziwa linagawanywa na nchi tatu, na takwimu za Tanzania, Uganda na Kenya lazima zijumlishwe ili kujua hali ya samaki wenyewe, ambao hawatambui mipaka. Kama kila nchi ina nakala yake ya hesabu, na kila nakala imeguswa kidogo na fundi wa mahali, jumla ya namba tatu haina maana hata kama kila moja ni sahihi kwa namna yake.

Ndani ya fomu

Msimbo unaokaa ndani ya fomu hufanya kazi fomu hiyo inapofunguliwa tu. Hapo ndipo mahali pake kwa mambo yanayohusu fomu yenyewe: kubadilisha rangi ya kisanduku, kuhamisha kishale baada ya kubonyeza kitufe, kumwambia karani kwamba amesahau kujaza jina la mwalo. Hayo hayahitajiki kwingine.

Kanuni za kazi hazifai kukaa hapo, ingawa ndipo zinapopatikana mara nyingi, kwa sababu watu wengi hujifunza kuandika programu kwa kubofya mara mbili kitufe cha fomu na kuanza kuandika. Microsoft Access, iliyotolewa mwaka 1992, imewafundisha hivyo watu wasiohesabika duniani kote. Si jambo la kudharau. Ofisi nyingi zisizo na bajeti ya kuajiri kampuni zimepata mfumo wao wa kwanza kutoka kwa mhasibu au mtunza takwimu aliyejifunza mwenyewe kwa njia hiyo.

Moduli na maktaba

Hatua inayofuata ni kuutoa msimbo ndani ya fomu na kuuweka katika moduli kama kitendakazi, yaani kipande cha msimbo chenye jina, kinachopokea thamani fulani na kurudisha jibu. Fomu zote na ripoti zote hukiita kwa jina lake.

Kazi moja inayostahili kitendakazi cha namna hii ni kubadilisha saa. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo: boti ikirudi saa 1 asubuhi, kompyuta inatakiwa kuandika 07:00. Karani akiandika 1:00 kama alivyosikia, hifadhidata inaelewa kuwa ni saa 7 usiku. Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa safari za usiku. Safari ya dagaa huanza jioni ya tarehe moja na kuisha asubuhi ya tarehe nyingine, na mvuvi anayesema “usiku wa kuamkia Jumatano” anataja Jumatano ingawa kompyuta ingali Jumanne. Kitendakazi kimoja kinachopokea saa, neno la wakati (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku) na tarehe, kisha kurudisha tarehe na saa za kompyuta, kinaweza kuandikwa kwa siku moja. Kikiandikwa mara sita katika fomu sita, angalau kimoja kitakosea saa 6 usiku, kwa kuwa hapo ndipo tarehe inapogeuka.

Mfano mwingine ni ulinganishaji wa majina. Kata ya Kisesa, mashariki mwa jiji la Mwanza, ina utafiti wa muda mrefu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambao umefuatilia wakazi wake tangu mwaka 1994. Mnamo 2015 watafiti walianza kutumia hapo programu ya kuunganisha kumbukumbu za wakazi na kumbukumbu za kliniki, mgonjwa mwenyewe akiwapo ili kuthibitisha. Hapakuwa na namba moja inayomtambulisha mtu pande zote mbili, hivyo programu ililinganisha majina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na mengineyo na kutoa alama kwa mbinu ya takwimu iliyoelezwa na Fellegi na Sunter mwaka 1969. Jina lilelile linaweza kuandikwa Masanja hapa na Massanja pale, Joseph huku na Yosefu kule. Msimbo unaoamua kwamba majina mawili yanakaribiana lazima uwe mmoja kwa kila anayeutumia, la sivyo mtu mmoja anakuwa wawili katika chumba kimoja na kubaki mmoja katika chumba cha pili.

Moduli ikihitajika katika programu zaidi ya moja hugeuzwa kuwa maktaba: faili la pembeni ambalo kila programu hulirejelea. Faida ni kwamba marekebisho hufanywa mara moja. Hasara ni utegemezi. Katika Microsoft Access, kompyuta isiyoipata maktaba inayorejelewa, pengine kwa sababu folda imehamishwa tu, inaweza kukataa hata vitendakazi vya kawaida vya tarehe na maneno, huku ujumbe wa kosa ukielekeza kwingine kabisa. Kwa ofisi yenye kompyuta tatu na fundi anayekuja mara moja kwa mwezi, kuingiza nakala ya moduli moja yenye namba ya toleo katika kila programu kunaweza kuwa salama kuliko maktaba ya pembeni. Nakala inayojulikana, yenye tarehe na mmiliki, si sawa na nakala iliyosahauliwa.

Ndani ya hifadhidata

Mifumo mikubwa kama Oracle, PostgreSQL, MySQL na SQL Server inaruhusu msimbo kukaa pamoja na data. Kuna hoja iliyohifadhiwa kwa jina, ambayo huonekana kama jedwali. Kuna utaratibu uliohifadhiwa, ambao ni msururu wa maagizo. Kuna kichochezi, kinachofanya kazi chenyewe kila mstari unapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa. Na kuna masharti ya jedwali, ambayo hukataa thamani isiyoruhusiwa. Sybase ilijulikana kwa taratibu zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1980, Oracle ikazipata katika toleo la 7 mwaka 1992, na MySQL ilizikosa hadi toleo la 5.0 mwaka 2005. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya programu nyingi za wavuti za miaka ile kuwa na kanuni zake zote upande wa programu. Microsoft Access nayo, tangu toleo la 2010, ina makro za data zinazofanana na vichochezi.

Faida kubwa ya mahali hapa ni kwamba hakuna anayeweza kupita pembeni. Tuseme hifadhidata ileile inaingizwa data na fomu ya ofisini, na programu ya simu ya mkusanyaji takwimu aliye kisiwani, na faili la lahajedwali linalopakiwa kila mwisho wa mwezi. Sharti lililo kwenye fomu linamzuia wa kwanza tu. Sharti lililo kwenye jedwali linawazuia wote watatu.

Kuna pia suala la siri. Karani anaweza kupewa ruhusa ya kuita utaratibu unaosajili hudhurio la mgonjwa bila kupewa ruhusa ya kusoma jedwali la wagonjwa. Katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambako karani na mgonjwa wanaweza kuwa majirani, tofauti hiyo ni nzito kuliko kasi ya kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeifanya kuwa jambo la kisheria pia. Aidha, taratibu zinazopokea thamani kama vigezo, badala ya kuunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja katika hoja ya SQL, hupunguza hatari ya mtu kupenyeza maagizo yake kupitia kisanduku cha kutafutia.

Hasara zipo. Lugha ya taratibu hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, kwa hiyo kuhama kutoka Oracle kwenda PostgreSQL ni kuandika upya sehemu kubwa. Vichochezi hufanya kazi kimyakimya. Fundi mgeni anaweza kukaa siku nzima akitafuta nani anayebadilisha namba alizoingiza. Na msimbo ulio ndani ya hifadhidata husahauliwa kirahisi wakati wa kutunza historia ya mabadiliko, kwa kuwa hauko katika faili la kawaida mpaka mtu autoe.

Kanuni kama data

Baadhi ya kanuni hazipaswi kuwa msimbo kabisa. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Tanzania bara tarehe 1 Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa kuwa asilimia 18 mwaka 2009. Programu ya duka iliyoandikwa na 0.20 ndani ya msimbo ililazimika kufunguliwa na fundi. Mbaya zaidi, fundi akibadilisha 0.20 kuwa 0.18 kila mahali, ripoti ya mwaka 2008 ikichapishwa tena itatoka na kodi isiyokuwapo wakati huo. Dawa yake ni jedwali dogo lenye safu tatu: kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Msimbo hutafuta kiwango cha tarehe ya mauzo, na mhasibu anaweza kuongeza mstari mpya bila kumwita mtu.

Mipaka ya utawala nayo hubadilika. Hadi mwaka 2012 Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Machi mwaka huo ikawa mkoa, na sehemu ya Wilaya ya Magu ikawa Wilaya ya Busega katika mkoa mpya wa Simiyu. Programu yenye agizo la aina ya “kama wilaya ni Geita basi mkoa ni Mwanza” ilikuwa sahihi jana yake na kosa siku iliyofuata. Jumla za Mwanza zilipungua bila samaki hata mmoja kuhama. Anayelinganisha miaka ya 2010 na 2014 bila jedwali la mipaka lenye tarehe anaweza kuandika kwamba uvuvi wa Mwanza umeporomoka.

Kipimo cha sangara ni cha kundi hilohilo. Kwa miaka mingi nchi za ziwa zilitumia urefu wa sentimita 50 hadi 85 kama kiwango kilichoruhusiwa. Namba hizo mbili zinaweza kuwekwa kama sharti la jedwali, lakini hapo pana mtego: jedwali la utafiti linalokataa samaki wa sentimita 43 linamfundisha mpimaji kuandika 50. Samaki wadogo wanaendelea kuvuliwa, ila hawaonekani tena katika takwimu, na hao ndio mtafiti aliokuwa akiwatafuta. Kipimo cha kisheria kinafaa kutoa alama ya tahadhari katika ripoti. Sharti la kukataa libaki kwa yale yasiyowezekana, kama uzito ulio chini ya sifuri.

Kwenye seva ya pamoja

Njia ya mwisho ni kuweka kanuni katika seva moja na programu zote kuiuliza kwa mtandao. Kwa benki na kampuni za simu hii ni kawaida. Kwa mwambao wa ziwa, swali la kwanza ni kama mtandao upo, na kama umeme upo. Kituo cha afya kisiwani hakiwezi kusubiri seva ya Dar es Salaam kabla ya kumsajili mgonjwa aliyevuka kwa mtumbwi.

Mfumo wa kitaifa wa kliniki za tiba na matunzo ulifuata njia ya kati. Kadi ya CTC1 hubaki kwa mgonjwa na kadi ya CTC2 hubaki kituoni. Hifadhidata ya CTC2 iliwekwa katika kompyuta za vituo, na data kukusanywa baadaye katika ngazi ya taifa. Kwa mpangilio wa aina hii msimbo uko kila mahali kwa lazima, na kazi ngumu inakuwa kuhakikisha kila kituo kina toleo moja.

Ugumu huo unaonekana katika swali linalosikika rahisi: mgonjwa amepotea kwenye matibabu lini? Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa siku 90 baada ya tarehe aliyotarajiwa. Mpango wa Marekani wa PEPFAR, unaofadhili sehemu kubwa ya huduma hizo, ulibadilisha kipimo chake kuwa siku 28 kuanzia mwaka wake wa fedha wa 2019. Mgonjwa aliyechelewa siku 40 akawa amepotea kwa kipimo kimoja na yuko kwenye matibabu kwa kipimo kingine. Programu ambayo 90 imeandikwa katika ripoti ya mwezi, katika orodha ya wanaopaswa kufuatiliwa nyumbani, na katika faili linalopelekwa ngazi ya juu inahitaji kuguswa mahali patatu. Ripoti ikirekebishwa na orodha ikaachwa, kituo kitamhesabu mtu kuwa amepotea, lakini mhudumu wa jamii hatapewa jina lake mpaka wiki kadhaa zipite.

Kuchagua

Waandishi wa vitabu hupenda kushindana juu ya mahali bora pa msimbo. Swali lenye manufaa zaidi ni nani anayehitaji kanuni hiyo, na nani ana uwezo wa kuibadilisha. Kanuni inayohitajika na fomu moja ibaki kwenye fomu. Inayohitajika na programu moja iende kwenye moduli. Ambayo kuvunjwa kwake kunaharibu data yenyewe iwe ndani ya hifadhidata, hata kama fundi hapendi lugha ya SQL. Namba inayowekwa na bunge, wizara au mfadhili iwe katika jedwali lenye tarehe.

Uwezo wa watu nao huhesabika. Taratibu 200 zilizoandikwa kwa ustadi ndani ya Oracle hazina faida kwa halmashauri ambayo aliyeziandika amehamishwa na hakuna mwingine anayezielewa. Mahali popote palipochaguliwa, msimbo unahitaji historia ya matoleo. Zana inayotumika zaidi ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Haihitaji mtandao wa kudumu, na hifadhi yake nzima inaweza kusafirishwa kwa diski mweko kutoka Nansio hadi Mwanza kwa meli. Taratibu za hifadhidata hutolewa kama faili za maandishi na kuwekwa humo pamoja na msimbo mwingine. Faili la Access halisomeki na Git kama maandishi, hivyo moduli zake hutolewa moja moja.

Mifumo huria

Wazo la kutotumia nguvu mara mbili ni la zamani kama kompyuta zenyewe: Cambridge, Uingereza, waandishi wa programu za mashine ya EDSAC walikuwa na maktaba ya vipande vya msimbo kwenye tepu za karatasi kufikia mwaka 1951. Katika Afrika Mashariki limechukua sura ya mifumo huria. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na ambao miongoni mwa vituo vyake vya kwanza ni Eldoret, Kenya, una kiini kimoja na moduli ambazo kila nchi huongeza zake. DHIS2, unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania kwa takwimu za vituo, hutunza tafsiri za viashiria vyake kama data: mtunza takwimu wa wilaya aliyepewa ruhusa anaweza kuona jinsi kiashiria kinavyokokotolewa, namba ya juu na namba ya chini, bila kufungua mstari mmoja wa msimbo.